Kituo cha Uandishi, Tuisheni au Uhariri: Kazi Ipi Inamfaa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Nairobi?

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika vizuri hakawii kujulikana. Kufikia mwaka wa pili, wenzake wa hosteli humletea rasimu zao usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, jirani humwomba amsaidie bintiye wa kidato cha tatu katika insha za Kiswahili, na mtu anayemalizia shahada ya uzamili humuuliza kama anaweza kuipitia tasnifu yake kabla haijafika kwa msimamizi. Ndipo humjia wazo kwamba uwezo huu ungeweza kulipa nauli na chakula, hasa pesa za mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, zinapochelewa. Swali linalofuata ni kama aombe nafasi ya mshauri wa uandishi katika chuo chake, afundishe tuisheni majumbani, au awe mhariri wa kujitegemea. Nimezifanya kazi zote tatu kwa nyakati tofauti, baadhi kwa faida na baadhi kwa hasara, na ninazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaamua.

Iko kazi ya nne, ile ya kuwaandikia wanafunzi wengine, aghalabu wa ng'ambo, kazi ambazo walipaswa kuziandika wenyewe. Nairobi inaijua sana, na wako waliolipia karo kwa njia hiyo. Siilinganishi hapa, na sababu si kwamba najiona mwema kuliko wenzangu. Australia mwaka wa 2020, na Uingereza mwaka wa 2022 kwa upande wa England, zilipitisha sheria zinazofanya kutoa au kutangaza huduma hiyo kuwa kosa. Mwanafunzi anayewaandikia wenzake hapa nyumbani naye anajiweka mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo chake. Na tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa mnamo Novemba 2022, wengi walioitegemea kazi hiyo wamekuwa wakilalamika kwamba wateja wametoweka. Zaidi ya hayo, ni kazi usiyoweza kuiandika kwenye wasifu wako.

Vigezo

Nitatumia vigezo vitano kwa kazi zote tatu: malipo na namna yanavyokufikia, muda, pamoja na ule unaoishia barabarani, jinsi kazi yenyewe inavyofanywa na inachokufunza, mipaka ya uaminifu, na ugumu wa kuipata kazi. Kigezo cha tatu nitakikalia zaidi, kwa kuwa wengi hawakiulizi mpaka wawe wameshaingia kazini.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Mshauri wa uandishi ni mwanafunzi aliyefunzwa na kuajiriwa na chuo kwa saa chache za wiki ili aketi na wanafunzi wenzake, mmoja mmoja, na kujadiliana nao kuhusu maandishi yao. Kuna vyuo vyenye kituo maalumu cha uandishi, na kuna vingine ambako kazi hiyo hufanywa chini ya maktaba, idara ya lugha, au mpango wa kusoma huku ukifanya kazi. Mwalimu wa tuisheni, kwa maana ninayoitumia hapa, ni yule anayekwenda nyumbani kwa mwanafunzi wa sekondari kumfundisha uandishi kwa mapatano na mzazi. Mhariri wa kujitegemea hupokea tasnifu, ripoti au pendekezo la utafiti lililokwisha kuandikwa na mwenyewe, akasahihisha lugha, mpangilio na marejeleo.

Malipo

Kituo cha uandishi hulipa kiwango kilichopangwa na chuo, na kwa kawaida kiwango hicho ni cha chini kuliko cha kazi hizo nyingine mbili. Fedha zenyewe hupitia ofisi ya fedha, kwa fomu za saa zilizotiwa sahihi, kwa hiyo zinaweza kufika baada ya mwezi au zaidi. Katika mipango fulani haziji mkononi kabisa, bali hupunguzwa kwenye karo. Uliza jambo hili kabla ya kukubali, kwa maana karo iliyopunguzwa hainunui unga.

Mzazi wa tuisheni hulipa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo au mwisho wa mwezi, na kiwango hutegemea mtaa, darasa la mtoto na ushupavu wako wa kutaja bei. Mhariri hulipwa kwa ukurasa au kwa kazi nzima. Hapo fedha huonekana nyingi kwa mara moja, lakini ni katika uhariri nilikopata hasara kubwa kuliko zote: mteja mmoja alipokea tasnifu yake ikiwa imekamilika, akashukuru sana, kisha simu yake ikawa haipokelewi. Tangu hapo nilidai nusu kabla ya kuanza na nusu iliyobaki kabla ya kukabidhi sura ya mwisho.

Kiwango cha saa moja, hata hivyo, hudanganya. Chukua mfano wa hesabu tu, usiuchukulie kuwa bei ya soko. Mwalimu analipwa shilingi 700 kwa saa, anafundisha saa mbili, anapata 1,400. Nauli ya matatu ni 100 kwenda na 100 kurudi, zinabaki 1,200. Safari ni dakika 75 kila upande, na matayarisho ni nusu saa. Jumla ni saa tano, yaani shilingi 240 kwa saa. Mshauri anayelipwa 300 kwa saa akiwa umbali wa dakika tano kutoka bwenini amempita. Mhariri naye anayetoza shilingi 100 kwa kila ukurasa wa tasnifu ya kurasa 120 anaona 12,000, lakini akitumia saa 20 kwenye matini na saa 10 nyingine akilinganisha marejeleo ya ndani na orodha ya mwisho, amelipwa 400 kwa saa. Fanya hesabu ya namna hii kwa takwimu zako mwenyewe kabla ya kusema kazi fulani inalipa.

Muda na safari

Hapa Nairobi ina sauti kubwa kuliko mwajiri yeyote. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta anayeishi Kahawa Wendani, akipata mwanafunzi wa tuisheni Lavington, atavuka Barabara ya Thika na katikati ya jiji jioni ile ile ambayo kila mtu anaelekea nyumbani. Mvua ikinyesha, hesabu yote inaharibika. Anayesomea ualimu katika Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi ana tatizo la aina hiyo hiyo kwa upande wa pili wa jiji. Tuisheni inalipa muda wako vizuri pale tu wanafunzi wako wanapoishi karibu nawe, au wawili watatu wanapokuwa katika mtaa mmoja, ili safari moja ihudumie wote. Kuna wanaofundisha kwa video pia, ingawa bando hukatika, umeme hupotea, na si rahisi kumwonyesha mtoto kosa lililo kwenye daftari usilolishika.

Mshauri wa uandishi hana safari, na ratiba yake hupangwa kando ya vipindi vyake vya masomo. Kasoro yake ni kwamba msimu wa kazi hugongana na msimu wako mwenyewe: wiki ambazo wanafunzi wote wanawasilisha kazi zao ndizo wiki ambazo na wewe unawasilisha yako. Likizo ikifika, kituo hufungwa na malipo hukoma. Mhariri hufanya kazi saa anazotaka, hata usiku wa manane. Ni uhuru mtamu, ila mwenye tasnifu huileta akiwa na siku nne za kuwasilisha, na hapo saa unazotaka zinakuwa saa anazotaka yeye.

Kazi inavyofanywa na inachokufunza

Mshauri wa uandishi hasahihishi. Hili ndilo jambo wasilolijua wengi wanaoomba nafasi hiyo, na ndilo linalowavunja moyo wiki ya kwanza. Mwanafunzi anaingia saa kumi jioni na kusema, "Nirekebishie tu hapa na hapa, nawasilisha saa kumi na mbili." Mkono wako unawasha kuikamata kalamu, nawe unatakiwa kuiacha ikae mkononi mwake. Unaanza kwa kumuuliza swali la mhadhiri linataka nini hasa, kisha unamwomba akueleze hoja yake kwa maneno ya mdomo bila kutazama karatasi. Mara nyingi hoja aliyoitamka haimo kabisa katika kurasa alizoandika. Mkishaipata, mnatazama mpangilio, kisha ushahidi, na sarufi huja mwisho, kwa sababu hakuna faida ya kunyoosha sentensi ambazo huenda zikafutwa. Kumwomba asome aya yake kwa sauti hufanya kazi kubwa kuliko wino mwekundu, maana sikio lake hukwama mahali macho yake yalipopita mara tano.

Nairobi huitajirisha kazi hii kwa namna yake. Wengi huandika kwa Kiingereza, lakini anayesoma Kiswahili hukuletea tasnifu yenye "kitabu ambayo" na "vitu mingi", kwa kuwa ndivyo tunavyozungumza mjini, na inakubidi umweleze upatanisho wa kisarufi bila kumfanya aone haya kwa lugha ya mtaa wake. Atakuja mwanafunzi kutoka Burundi au Kongo aliyesomea kwa Kifaransa na kuzoea insha inayoweka dhana, dhana pinzani na muafaka, akashangaa kwa nini mhadhiri anaitaka hoja yake katika aya ya kwanza. Mwanafunzi wa sayansi atakuletea ripoti ya maabara usiyoielewa, nawe utagundua kwamba kutoelewa kwako kuna faida, kwa sababu maswali yako hayawi ya kujifanya. Ukikaa muhula mmoja unaweza kutofautisha mitindo ya marejeleo bila kufungua mwongozo, na maandishi yako mwenyewe yanabadilika. Baada ya kuwauliza watu mia moja hoja yao iko wapi, unaanza kujiuliza na wewe.

Mfumo huu haukuzuliwa hapa. Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani kilianzisha maabara yake ya uandishi mwaka wa 1976, na tovuti yake ya mafunzo ya uandishi, iliyofunguliwa katika miaka ya 1990, hutumiwa na wanafunzi wa hapa pia. Anayetaka kujipima kama kazi hii inamfaa anaweza kuanza kwa kuisoma tovuti hiyo.

Tuisheni inafunza kitu kingine: kufundisha kwa kulenga mtihani. Karatasi ya Insha ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa sekondari, ina alama 40, kwa insha mbili za alama 20 kila moja; swali la kwanza ni la lazima na huwa la uandishi wenye muundo maalumu kama vile barua, hotuba au kumbukumbu, na mtahiniwa huchagua jingine moja kati ya matatu yaliyobaki. Usipojua kwamba insha ya alama 10 na ile ya 11 ziko katika viwango viwili tofauti vya usahihishaji, hutaweza kumjibu mzazi atakayekukalisha sebuleni na kukuuliza, "Mwalimu, mbona mtoto anaandika kurasa tatu lakini alama ni zile zile?" Utajifunza kumtazama mtoto yule yule kwa miezi, jambo ambalo mshauri wa kituoni hulipata kwa nadra. Ukimpata mtoto ambaye mwezi Februari hawezi kupanga aya, na mwezi Agosti anakuletea kisa alichokibuni mwenyewe kuhusu methali uliyompa, utaelewa kwa nini watu hudumu katika ualimu licha ya mengine yote.

Uhariri hufunza umakini na uvumilivu, na huna mtu wa kuzungumza naye. Utajifunza kutumia rekodi ya mabadiliko katika programu ya kuandikia, kufuatilia jina la mwandishi aliyetajwa kwenye sura ya pili lakini hayumo kwenye marejeleo, na kuona pale maelezo ya tatizo yanapoahidi jambo ambalo sura ya nne haikulitekeleza. Kwa anayenuia kufanya kazi katika uchapishaji au utafiti, hii ni shule nzuri.

Mipaka ya uaminifu

Kituoni mipaka imeandikwa, na iwapo mwanafunzi anakushinikiza umwandikie aya, unamwonyesha kanuni na msimamizi wako anakuunga mkono. Wewe si adui wa mhadhiri wala wakili wa mwanafunzi. Hutabiri alama, na husemi kwamba mhadhiri amekosea kusahihisha, hata pale unapoona hivyo.

Katika tuisheni, mpaka hujaribiwa pale mtoto anapokuwa na mradi wa shule wa kuwasilisha kesho na mzazi anatarajia uumalize. Jambo la pili ni la kisheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kuwafanyia wanafunzi masomo ya ziada wakati wa likizo, kwa hiyo usijiingize katika kukusanya darasa la mtaa mwezi Agosti kwa kudhani kwamba ni biashara kama nyingine.

Uhariri ndio wenye mpaka mwembamba kuliko zote. Unaanza na koma, unaingia kwenye sentensi, na usiku wa tatu mteja anakuandikia, "Sura ya tano ni fupi, si uiongezee kidogo tu." Huko kuongezea kidogo ndiko kumwandikia. Weka maandishi ya mapatano mwanzoni yanayosema utasahihisha nini na hutaandika nini, kisha mshauri mteja amweleze msimamizi wake kwamba tasnifu imepitiwa na mhariri. Kumbuka pia kwamba tasnifu hubeba mahojiano ya watu, pengine wagonjwa au wanafunzi wa shule, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka wa 2019. Usiitumbukize kazi ya mtu kwenye programu ya akili unde ili ikusaidie kusahihisha bila idhini yake.

Kuipata kazi

Nafasi za kituoni ni chache na hutangazwa mara moja kwa mwaka, pengine kwa barua ya mhadhiri, sampuli ya maandishi na mahojiano. Mwanafunzi wa kigeni aulize kwanza katika ofisi inayowahudumia, kwa kuwa pasi ya mwanafunzi si kibali cha kazi. Tuisheni hupatikana kwa midomo ya watu: mzazi mmoja akiridhika, kanisani au katika kundi la WhatsApp la mtaa utatajwa. Soko lake linabadilika, kwani watoto waliofanya KCPE ya mwisho, yaani mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka wa 2023 wanamaliza kidato cha nne mwaka wa 2027, na baada yao ni wanafunzi wa mtaala wa umilisi. Anayeanza leo asijifunge kwenye karatasi za zamani peke yake. Uhariri ndio mgumu kuuanza na mwepesi kuuendeleza. Mteja wa kwanza huchelewa, lakini akihitimu vizuri huwaleta wenzake watatu wa darasa lake.

Nani achague nini

Ikiwa uko mwaka wa kwanza au wa pili, unaishi chuoni au karibu nacho, na unawaza kuwa mwalimu, mhadhiri au mwanahabari, omba kituoni hata kama malipo ni kidogo, ukijua kwamba wakati wa likizo utahitaji chanzo kingine. Hali kadhalika kwa mtu mwenye haya ambaye hajazoea kukataa maombi ya watu: mazingira yenye kanuni yatamlinda.

Ikiwa unahitaji fedha za wiki hii, una subira na vijana, na kuna familia mbili au tatu ndani ya mwendo wa matatu moja kutoka unakoishi, tuisheni itakufaa zaidi. Mwanafunzi wa ualimu wa Kiswahili au Kiingereza ana faida ya ziada, kwa sababu atatumia matayarisho yale yale wakati wa mazoezi ya kufundisha. Anayeishi mbali na wateja wake afundishe Jumamosi asubuhi tu, kabla barabara hazijajaa.

Ikiwa uko mwaka wa nne au unasoma uzamili, umeshaandika mradi wako wa utafiti na kupitia mikononi mwa msimamizi mkali, na unaweza kukaa saa sita na maandishi ya mtu mwingine bila kuzungumza, basi uhariri. Usiuingie ukiwa mwaka wa kwanza kwa sababu tu sarufi yako ni safi. Tasnifu hudai ujue jinsi utafiti unavyojengwa, na mteja atakuuliza.

Mwenye ratiba nzito, kama wanafunzi wa udaktari au uhandisi, anaweza kuchukua saa nne za kituo kwa wiki na kuachana na mengine. Kwa asiye na kituo katika chuo chake, mkutubi na mkuu wa idara ya lugha ndio wa kuwaendea kwanza. Awapelekee pendekezo la ukurasa mmoja la meza moja katika maktaba, siku mbili za wiki, saa nane hadi saa kumi, na majina ya wanafunzi wawili walio tayari kusaidiana naye.